Skana ya mkononi inapokaa kimya: kutafuta kasoro kuanzia kwenye dalili

Skana ya redio ya mkononi ni kipokeaji tu. Haitumi mawimbi, haijisajili kwenye mtandao wowote, na kazi yake yote ni kupitia orodha ya masafa kwa kasi, kusimama panapokuwa na mazungumzo, kisha kuendelea na safari mazungumzo yakikoma. Tatizo ni kwamba skana nzima isiyo na cha kusikia huonekana sawa kabisa na skana mbovu: skrini inawaka, tarakimu zinakimbia, na spika haitoi hata neno moja. Kwa sababu hiyo, anayetafuta kasoro hana budi kuuliza kwanza kimya hicho kimeanzia wapi. Huenda hakuna anayezungumza kwa wakati huo, huenda mawimbi yanakatika njiani, huenda kifaa kinayapokea lakini kimeagizwa kuyanyamazisha. Sababu hiyo ya tatu ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, kwani skana ina mipangilio mingi ya kuzuia sauti na kila mmoja wake hufanya kazi bila kutoa taarifa yoyote.

Skana haiwaki, au inazimika yenyewe

Anza na betri, na uziangalie kwa macho hata kama ni mpya. Betri kavu za alkali hutoa volti 1.5 kila moja, ilhali betri za kuchajiwa za NiMH hutoa volti 1.2, na baadhi ya skana zina swichi ndogo ndani ya sehemu ya betri ya kukieleza kifaa ni aina gani iliyowekwa. Swichi hiyo ikikaa upande wa betri za kuchajiwa huku ndani mna betri za alkali, kuunganisha chaja ni hatari, kwa maana betri za alkali hazikutengenezwa kupokea chaji na zinaweza kuvuja au kupasuka. Ikiwa imekaa upande usiofaa, pia kipimo cha chaji kwenye skrini hakiaminiki, na skana inaweza kulalamika kwamba betri zimekwisha wakati bado zina nguvu.

Ukikuta ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vibamba vya kugusia betri, toa betri zote na usugue vibamba kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti safi mpaka chuma king'ae. Skana inayowaka vizuri ikiwa kimya lakini ikazimika kila sauti inapotoka kwa nguvu karibu kila mara ina betri zilizochoka au kibamba chenye kutu, kwa kuwa spika ndiyo inayovuta umeme mwingi kwa ghafla. Inayowaka kwa chaja lakini isiyowaka kwa betri ina kasoro hiyo hiyo. Ikiwa inawaka lakini vitufe havijibu, tafuta alama ya kufuli kwenye skrini kabla ya kufikiria fundi. Kufuli ya vitufe huwekwa kwa bahati mbaya mfukoni.

Inawaka, tarakimu zinakimbia, lakini hakuna kinachosikika

Dalili hii ndiyo ya kawaida kuliko zote, na inafaa kushughulikiwa kwa utaratibu usiorukwa. Hatua ya kwanza ni kusimamisha skana kwenye chaneli moja kwa kitufe cha kushikilia, kisha kufungua skwelchi mpaka mwisho. Skwelchi ni lango linaloizuia spika isitoe sauti mpaka mawimbi yanayoingia yafikie nguvu fulani. Lango likiachwa wazi kabisa, utasikia mvumo mfululizo wa redio isiyo na stesheni. Mvumo huo ni habari njema: unathibitisha kwamba spika, kikuza sauti na sehemu kubwa ya saketi za kupokea zinafanya kazi.

Usiposikia mvumo, tafuta kwenye njia ya sauti. Chomoa na uchomeke tena visikizi, kwa sababu tundu lake lina swichi ya ndani inayokata spika, na swichi hiyo ikiinama spika hubaki imekatwa hata visikizi vikiwa havipo. Hakikisha chaneli hiyo haikuwekwa kwenye upokeaji wa kidijitali pekee, kwani hapo skana nyingi hunyamazisha mvumo wa analogi kwa makusudi. Kisha angalia kama chaneli imefungwa kwa toni.

Suala la toni linastahili maelezo zaidi. Watumiaji wengi wa redio za mawasiliano hutuma toni ya chini isiyosikika pamoja na sauti zao, kati ya hezi 67.0 na 254.1, ili redio za kundi lao pekee zifunguke. Skana nayo inaweza kuagizwa isifunguke mpaka isikie toni fulani. Agizo hilo likiwa na tarakimu yenye makosa, kipimo cha nguvu kwenye skrini kitapanda mpaka juu kila mtu anapozungumza, na spika haitatoa chochote. Kipimo kinachopanda bila sauti ni dalili bayana ya toni isiyolingana, au ya mawimbi ya kidijitali ambayo skana haiwezi kuyafumbua. Ondoa sharti la toni kabisa, usikilize, na ikiwa skana yako ina uwezo wa kutafuta toni, iache ikuonyeshe yenyewe ile inayotumika.

Mvumo ukisikika, funga skwelchi taratibu mpaka ukatike, kisha ongeza kidogo sana, usizidishe hapo. Wengi huikaza skwelchi kupita kiasi kwa kuchoshwa na vipande vya kelele, na mawimbi dhaifu ambayo yangesikika kwa ufasaha hubaki nje ya lango.

Hatua ya pili ni kutafuta stesheni ambayo haikomi kutuma. Kujaribu skana kwa masafa ya watu wanaozungumza mara chache ni kupoteza muda, kwa kuwa hutajua kama kimya ni chako au ni chao. Viwanja vingi vikubwa vya ndege hutangaza taarifa iliyorekodiwa ya hali ya hewa na njia za kutua, inayojirudia wakati wote wa kazi, ndani ya masafa ya megahezi 118 hadi 137 na kwa mtindo wa AM. Ikiwa uko karibu na uwanja wa namna hiyo, hicho ndicho kipimo bora. Kama skana yako inafika megahezi 87.5 hadi 108, matangazo ya kawaida ya FM yanatosha, mradi uchague mtindo wa FM pana. Njia nyingine ni redio ya upepo unayoruhusiwa kuitumia, ikiwa kwenye nguvu yake ya chini na mwenzako akiwa mita kadhaa kutoka hapo; usibonyeze kitufe cha kutuma ukiwa umeishika kando ya skana, kwani nguvu hiyo huweza kuumiza sehemu ya mwanzo ya kipokeaji.

Stesheni hiyo ikisikika vizuri, kipokeaji ni kizima na kasoro iko kwenye orodha yako. Sasa angalia chaneli zilizorukwa. Kitufe chenye herufi L/O huiagiza skana isisimame tena kwenye chaneli fulani, na kwenye skana nyingi ubonyezaji mmoja huruka kwa muda tu hadi kifaa kizimwe, ilhali ubonyezaji mara mbili huruka daima. Kidole kinachotaka kuendelea mbele na kikabonyeza kitufe hicho badala ya kile cha jirani kinaweza kuondoa nusu ya orodha katika jioni moja. Angalia pia benki au makundi ya chaneli yaliyozimwa, kwa kuwa skana haipitii kundi lililozimwa hata kama limejaa masafa sahihi. Kwenye skana zenye hifadhidata ya ndani, ambazo huchagua chaneli kwa mahali ulipo na kwa aina ya huduma, sharti vyote viwili viwe sawa: mahali palipowekwa na aina ya huduma iliyowashwa.

Urefu wa orodha nao ni sababu. Skana inayopitia chaneli 50 kwa sekunde itachukua sekunde 10 kuzunguka chaneli 500, na hapo hatujahesabu muda wa kusimama penye mazungumzo. Wito wa sekunde tatu una nafasi kubwa ya kuanza na kuisha skana ikiwa upande mwingine wa orodha. Kwa msikilizaji anayelalamika kwamba hasikii kitu, ningempa orodha ya chaneli kumi zenye uhakika kabla ya kumpa antena mpya. Ongeza kucheleweshwa kwa sekunde mbili hivi baada ya kila wito, ili skana isubiri jibu kabla ya kuondoka.

Mwisho wa sehemu hii ni masafa yenyewe. Orodha za zamani hubaki zikizunguka kwa miaka baada ya wahusika kuhama. Nchini Marekani, kwa mfano, kuanzia tarehe 1 Januari 2013 huduma nyingi za redio za nchi kavu zilizo chini ya megahezi 512 zilitakiwa ziwe zimehamia chaneli finyu za kilohezi 12.5, na baadhi zilitumia nafasi hiyo kuhamia kidijitali moja kwa moja. Orodha iliyoandikwa kabla ya mabadiliko kama hayo inaweza kuwa na tarakimu sahihi na mtindo usio sahihi.

Inasikia upande mmoja tu wa mazungumzo

Rubani anasikika akijibu, lakini anayeongoza ndege kutoka mnarani hasikiki kamwe. Hakuna kilichoharibika. Mawimbi ya masafa haya husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, na umbali wa upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Ndege iliyo mita 10,000 juu ina upeo wa kilomita 412 hivi. Antena ya mnara iliyo mita 30 juu ina upeo wa kilomita 22 na kidogo, na wewe uliyeishika skana kwenye mita moja na nusu unaongeza kilomita tano. Jumla ni kilomita 27 au 28, na hiyo ni kabla ya kutoa vilima na majengo. Dawa yake ni kupanda juu: ghorofa ya juu au mgongo wa kilima hufanya kazi ambayo hakuna mpangilio wa skana unaoweza kuifanya.

Kwenye masafa ya bahari sababu inaweza kuwa nyingine. Chaneli ya 16, ya wito na dharura, hutumia megahezi 156.8 kwa pande zote mbili, hivyo yeyote aliye karibu utamsikia. Baadhi ya chaneli nyingine hutumia masafa mawili yaliyopishana kwa megahezi 4.6, meli zikituma chini na kituo cha pwani kikituma juu. Ukiingiza masafa ya chini pekee utasikia meli zikijibu maswali usiyoyajua. Ongeza megahezi 4.6 uweke chaneli ya pili. Mifumo inayotumia ripita, yaani kituo kinachopokea mawimbi na kuyatuma tena, ina tabia kama hiyo: sikiliza masafa ambayo ripita hutuma, kwa maana yale inayopokelea hubeba redio ndogo za mkononi ambazo mara nyingi ziko mbali mno kukufikia.

Usikivu umepungua, au haukuwahi kuwa mzuri

Antena ya mpira inayokuja na skana ni suluhisho la katikati, waya uliosokotwa ili uwe mfupi na upokee kila kitu kwa wastani. Kipimo cha antena ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi inalopokea, ni rahisi kukokotoa: gawanya 75 kwa masafa katika megahezi upate urefu kwa mita. Megahezi 121.5, ambayo ni masafa ya dharura ya ndege, inahitaji sentimita 62 hivi, megahezi 156.8 inahitaji 48. Megahezi 460 inahitaji 16 tu. Antena halisi hukatwa fupi kidogo kuliko hapo. Mwenye antena ya darubini inayovutika anaweza kuirefusha na kuifupisha kulingana na anachosikiliza, na mara nyingi tofauti husikika papo hapo. Kuivuta yote kwa masafa ya juu kwa imani kwamba ndefu ni bora daima ni kosa la kawaida.

Mawimbi ya redio za mkononi, magari na ndege katika masafa haya hutumwa na antena zilizosimama wima, kwa hiyo antena ya skana nayo isimame wima. Skana iliyolazwa mezani hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi bila sababu. Kuta za zege lenye nondo, vioo vilivyopakwa utando wa metali na mwili wa mshikaji huongeza hasara hiyo. Sogea dirishani kabla ya kununua chochote.

Ikiwa usikivu umeshuka ghafla baada ya kubadili antena, chunguza kiunganishi. Skana za mkononi hutumia zaidi kiunganishi cha BNC, kinachofungwa kwa robo mzunguko, au cha SMA, kinachofungwa kwa hesi. Kuna aina ya SMA iliyogeuzwa, inayotumika kwenye vifaa vya intaneti isiyo na waya, ambayo hesi zake huingiliana na za skana lakini pini ya katikati haipo upande wowote. Antena itakazwa vizuri, itaonekana imekaa, na haitakuwa imeunganishwa na kitu. Angalia kwa macho: lazima upande mmoja uwe na pini na mwingine uwe na tundu. Antena ya nje inayotumia kebo ndefu na nyembamba huwa na hasara yake pia, kwani mita 20 za kebo ya RG-58 hula zaidi ya nusu ya nguvu ya mawimbi ya megahezi 450. Antena nzuri juu ya paa yenye kebo duni inaweza kushindwa na ya mpira iliyo dirishani, jambo ambalo huwaudhi sana waliokwisha kupanda paa.

Sauti ipo, lakini haieleweki

Sauti iliyokwaruza, isiyo na uzito, inayotoweka katikati ya maneno kwenye masafa ya ndege, kwa kawaida inatokana na skana kusikiliza kwa FM mahali ambapo watumaji wanatumia AM. Mawasiliano ya sauti ya ndege za kiraia hutumia AM, ilhali bahari na redio nyingi za mawasiliano za analogi hutumia FM. Skana huchagua yenyewe mtindo kulingana na masafa, lakini chaneli iliyoingizwa kwa programu ya kompyuta inaweza kubeba mtindo mwingine.

Ikiwa sauti ni safi lakini ndogo kuliko ya chaneli nyingine, huku ukilazimika kupandisha sauti kila skana inaposimama hapo, basi huenda mtumaji anatumia FM finyu na skana imewekwa kwenye FM ya kawaida. Kinyume chake, sauti inayopasuka kila anayezungumza anapopaza sauti ni ya mtumaji wa FM ya kawaida aliyebanwa kwenye upokeaji finyu. FM ya kawaida huyumbisha masafa hadi kilohezi 5, na ile finyu hadi kilohezi 2.5, kubadili mpangilio mmoja kunamaliza tatizo.

Kuna pia sauti inayovurugika kwa sababu tarakimu haikulenga katikati. Katika maeneo yaliyohamia nafasi za kilohezi 8.33 kwa ndege, namba inayotajwa si lazima iwe masafa halisi: chaneli inayoitwa 118.005 hutuma kwenye megahezi 118.000, na inayoitwa 118.010 hutuma kwenye 118.0083. Skana isiyojua hatua hiyo huikaribisha namba kwenye hatua iliyo jirani, na kwa kuwa kichujio chake ni kipana, itasikia pia chaneli za pembeni. Hapo tatizo linavumilika kiasi, lakini halitaondoka kwa kugeuza vidhibiti.

Halafu kuna ile sauti ya kunguruma na kuzizima inayokuja na kuondoka kama mazungumzo, bila neno linalotambulika. Hayo ni mazungumzo ya kidijitali yanayosikika kupitia kipokeaji cha analogi. Hakuna mpangilio utakaoyageuza kuwa maneno kwenye skana isiyo na kifumbuzi chake. Skana ya kidijitali nayo lazima iwe na mfumo husika: P25, DMR na NXDN ni lugha tofauti, na baadhi ya skana huuzwa zikiwa na mmoja tu huku mingine ikifunguliwa kwa malipo. Mfumo wa TETRA, unaogawa chaneli ya kilohezi 25 katika zamu nne, haumo kwenye skana nyingi za mkononi.

Vipande vya maneno vinavyokatika huku kipimo cha nguvu kikiwa juu kabisa vinawashangaza wengi. Mifumo mikubwa ya P25 hurusha ujumbe uleule kutoka minara kadhaa kwa masafa yaleyale na kwa wakati mmoja. Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya mfumo huo huweza kuyapatanisha mawimbi yanayofika kwa kupishana kidogo. Skana nyingi haziwezi, na kifumbuzi huchanganyikiwa. Antena kubwa zaidi huzidisha ugonjwa, kwani huleta minara mingi zaidi. Kinachosaidia ni kuipunguzia skana: sogea upande wa pili wa jengo ili ukuta uzibe mnara mmoja, tumia antena fupi, au antena ya mwelekeo iliyoelekezwa mnara mmoja. Hatua chache chumbani zinaweza kutosha.

Kelele, mizuka na stesheni zisizo mahali pake

Skana inaposimama mara kwa mara kwenye chaneli isiyo na mtu, fanya jaribio moja kabla ya lolote: ondoa antena. Kelele ikibaki, inazaliwa ndani ya skana yenyewe, kutoka kwenye saketi zake za kuzalisha masafa, na haina tiba zaidi ya kuiruka chaneli hiyo. Kelele ikitoweka, inatoka nje, na kwa kawaida iko ndani ya nyumba: chaja za kisasa, taa za LED, vidhibiti vya mwanga, kompyuta na skrini. Zima kimoja baada ya kingine ukisikiliza. Chaja ya skana yenyewe iwe ya kwanza kuchomolewa, kwa kuwa kifaa kinachosikia vizuri kwa betri na vibaya kwa umeme kimeshamtaja mhalifu.

Muziki au matangazo yanayotokea kwenye masafa ya ndege yana maelezo mengine. Mnara wa FM ulio karibu unaweza kuilemea sehemu ya mwanzo ya kipokeaji kiasi kwamba mawimbi yake yanatapakaa kila mahali. Kitufe chenye herufi ATT, kinachopunguza mawimbi yote yanayoingia, ni chombo kizuri cha utambuzi hapa. Ukikibonyeza na stesheni uliyoitaka ikasikika vizuri zaidi ingawa kila kitu kimepunguzwa, basi kipokeaji kilikuwa kimelemewa. Kichujio kinachozuia megahezi 88 hadi 108, kikiwekwa kati ya antena na skana, hutibu bila kudhoofisha masafa mengine. Mtu anayeunganisha antena kubwa ya nje na skana ndogo ya mkononi ajiandae kukihitaji.

Aina nyingine ya mzuka ni masafa ya taswira. Kipokeaji hubadilisha mawimbi yanayoingia kuwa masafa ya kati kabla ya kuyafumbua, na kila stesheni ina pacha wake aliye mbali kwa mara mbili ya masafa hayo ya kati. Kwa kipokeaji chenye masafa ya kati ya megahezi 10.7, umbali huo ni megahezi 21.4, hivyo mazungumzo ya meli yanayosikika kwenye 178.2 huenda asili yake ni 156.8. Skana za karibuni hubadilisha masafa zaidi ya mara moja, kwa hiyo umbali hutofautiana, lakini kanuni ya kutambua ni ileile: ukisikia watu mahali wasipopaswa kuwapo, toa na ujumlishe umbali huo kabla ya kuandika kwenye daftari kwamba umegundua chaneli mpya.

Mifumo ya tranki, na mazungumzo yasiyofunguka

Katika mfumo wa tranki, makundi mengi hushirikiana masafa machache, na kompyuta ndiyo inayogawa. Ukiingiza masafa hayo kama chaneli za kawaida utasikia vipande vya makundi mbalimbali vikirukiana, na kwenye mojawapo utakutana na mlio wa data usiokoma, ambao ndio chaneli ya udhibiti. Skana lazima iambiwe kwamba huo ni mfumo, ipewe chaneli ya udhibiti ya mnara unaosikika ulipo, na iweze kuisikia wakati wote. Isiposikia chaneli ya udhibiti, haina habari ya mazungumzo yoyote.

Ikiwa inaisikia na bado imenyamaza, angalia kama imewekwa kusikiliza makundi yaliyoorodheshwa tu. Katika hali hiyo kundi lisilo kwenye orodha hupita kimyakimya. Badili iwe hali ya kutafuta, na makundi yote yanayofunguka yatajitokeza. Kwa DMR, hakikisha pia namba ya rangi (namba ya kutenganisha mifumo inayotumia masafa yaleyale), kati ya 0 na 15, na zamu ya muda vinalingana na mtumaji.

Mazungumzo yaliyosimbwa, yaani yaliyofichwa kwa msimbo wa siri, hayatasikika, na ni vyema kulikubali hilo mapema. Skana itaonyesha alama ya usimbaji, itanyamaza au itatoa sauti ya vurugu. Hakuna antena, kebo wala toleo la programu linalobadilisha hilo, na anayeuza kifaa kwa ahadi hiyo anauza uongo.

Skana inakataa masafa uliyoandika

Kwanza, angalia kama yako ndani ya uwezo wa kifaa, kwa kuwa skana nyingi zina mapengo makusudi. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazipokei masafa ya simu za mkononi katika eneo la megahezi 824 hadi 849 na 869 hadi 894, kwa matakwa ya sheria, na ujumbe wa kosa unaotokea hapo ni wa kawaida. Kile ambacho kifaa kinakubali, sheria inaweza kukikataa: nchini Uingereza, sheria ya mawasiliano ya redio ya mwaka 2006 inakataza kusikiliza kwa makusudi ujumbe usiokusudiwa kwako wala kwa umma. Soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kujaza kumbukumbu.

Kompyuta haiioni skana

Mara nyingi kebo ndiyo yenye kasoro, kwa sababu kebo nyingi za USB zinazozagaa zina waya za chaji tu. Jaribu nyingine ambayo imewahi kuhamisha data. Kisha hakikisha dereva ya kompyuta imewekwa na kwamba programu imeelekezwa kwenye mlango sahihi wa mawasiliano, kwani namba ya mlango huweza kubadilika ukichomeka tundu tofauti. Baadhi ya skana huuliza kwenye skrini, pale kebo inapochomekwa, kama unataka kuchaji au kuhamisha data. Ukichelewa kujibu huchagua kuchaji.

Kabla ya kusasisha programu ya ndani, nakili orodha yako kwenye kompyuta na uhakikishe betri zimejaa, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo skana inaweza isiwake tena. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kuje mwisho kabisa, baada ya nakala hiyo kuwapo. Ukishairudisha, usimwagie orodha yote kwa mara moja: ingiza chaneli moja ya stesheni isiyokoma, isikilize, ndipo uongeze kundi moja baada ya jingine. Kimya kikirudi baada ya kundi fulani kuingia, fungua kundi hilo pekee uangalie toni, mtindo na chaneli zilizorukwa.